Zizi la Farasi Lililopewa Notisi

Mwanzoni mwa mwaka 2021, wakati wananchi wa Uingereza walipokuwa wameamriwa kukaa majumbani mwao kwa mara ya tatu kwa sababu ya ugonjwa wa korona, zizi moja la farasi katika mji wa Teddington, kusini-magharibi mwa London, lilifikwa na jambo ambalo kila mpangaji hulihofia. Mwenye jengo alikusudia kuliuza. Wapangaji wake walikuwa na njia mbili tu, nazo ni kulinunua au kuondoka. Ili walinunue, walihitaji kupata pauni milioni 1 kabla ya mwezi wa Februari kwisha.

Zizi hilo, liitwalo Park Lane Stables, halikuwa mahali pa matajiri kufugia farasi wa mashindano. Lilikuwa kituo kidogo kilichobanwa katikati ya nyumba za watu, karibu na bustani kubwa ya Bushy Park ambayo ni mali ya ufalme, na ndani yake walikuja kupanda farasi watoto na watu wazima wenye ulemavu wa viungo na wa akili. Kituo kilikuwa mwanachama wa Riding for the Disabled Association, chama kilichoundwa Uingereza mwaka 1969, ambacho kina mamia ya vikundi nchini humo na maelfu ya watu wanaojitolea bila malipo.

Msomaji aliyezoea kumwona farasi katika picha za wafalme na za askari wa gwaride huenda akashangaa. Farasi na mtoto asiyeweza kutembea wana uhusiano gani? Na kwa nini watu wengi hivyo, ambao baadhi yao hawajapata kukanyaga Teddington maishani mwao, walitoa fedha ili farasi wale wasihamishwe?

FARASI ANATIBU NINI

Aliyepata kupanda punda anajua kwamba mwili wa mpandaji hautulii. Farasi anapotembea hatua za kawaida, mgongo wake huinuka na kushuka, huenda mbele na kurudi nyuma, tena huyumba upande huu na upande huu, yote kwa wakati mmoja. Nyonga za aliyeketi juu yake hufuata mwendo huo, na mwendo huo unafanana sana na ule wa nyonga za mwanadamu anayetembea kwa miguu yake. Kwa hiyo mtoto ambaye tangu azaliwe hajapiga hatua hata moja huonja, akiwa juu ya mgongo wa mnyama, namna mwili unavyojigeuza na kujirekebisha wakati wa kutembea. Misuli ya tumbo na ya mgongo hulazimika kufanya kazi ili asianguke. Hakuna mashine ya hospitali inayoiga mwendo huo kwa ukamilifu, wala hakuna mtoto anayeililia mashine siku ya mazoezi ikichelewa kufika.

Hali kadhalika, joto la mwili wa farasi hupita kidogo lile la mwanadamu, kiasi cha nyuzi 38. Kwa mtoto mwenye utindio wa ubongo, yaani yule ambaye ubongo wake ulipata dhara kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa ukashindwa kuiamrisha misuli ipasavyo, miguu aghalabu hukakamaa na mapaja hubana. Akiketishwa kwa kutanua miguu juu ya mgongo wenye joto unaotikisika polepole, misuli hiyo hulegea kidogo kidogo.

Wataalamu wenye hadhari hawasemi kwamba farasi anaponya utindio wa ubongo. Ugonjwa huo hauponi. Tafiti zilizofanywa, ambazo nyingi zilihusu watoto wachache, zimeonyesha nafuu katika namna mtoto anavyojiweka sawa na anavyoketi, na hilo si jambo dogo katika nyumba. Mama anayemlisha mwana wa miaka saba kwa kumwegemeza kifuani anafahamu tofauti iliyopo kati ya mtoto anayeweza kukishika kichwa chake na asiyeweza. Mtoto akiweza kuketi mwenyewe kwa dakika kumi, mama anapata mkono wa pili wa kufanyia kazi.

Vilevile si kila mlemavu hupandishwa farasi. Kabla ya kuanza ni lazima daktari aridhie. Nyonga iliyotoka mahali pake au kifafa kisichotulia kwa dawa huweza kumzuia mtu, na watoto wenye hali ya Down huchunguzwa kwanza kama pingili za shingo zao ni imara. Tena tiba yenyewe, inayoendeshwa na mtaalamu wa viungo, ni tofauti na somo la kupanda linalofundishwa na mwalimu wa farasi, ingawa mara nyingi mambo haya mawili hufanyika katika uwanja mmoja. Katika tiba, mtaalamu ndiye anayepanga mwendo wa farasi kwa kusudi la kuuzoeza mwili. Katika somo, mwanafunzi mwenyewe hujifunza kuongoza. Kwa mtoto mwenye usonji, ambaye huenda hasemi na mtu yeyote, somo hilo la pili ndilo lenye faida kubwa zaidi: hugundua kwamba akitoa amri, mnyama mkubwa mara nyingi kuliko yeye humsikiliza.

MWANAMKE WA DENMARK

Fikra ya kuwapandisha walemavu juu ya farasi ni ya zamani, lakini aliyeifanya ijulikane duniani ni mwanamke mmoja wa Denmark aitwaye Lis Hartel. Mwaka 1944, akiwa mjamzito, alipatwa na ugonjwa wa polio akapooza. Alijifungua salama, kisha akaanza kujifunza upya kuinua mikono, kutambaa na kusimama kwa magongo. Sehemu ya miguu chini ya magoti haikurudi kamwe katika hali yake. Hata hivyo alirudi kwenye farasi, na kila mara ilibidi ainuliwe na kuketishwa juu ya tandiko.

Katika michezo ya Olimpiki iliyofanyika Helsinki mwaka 1952, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika dresaji, mchezo ambao farasi huonyesha hatua za madaha kwa amri zisizoonekana na watazamaji. Lis Hartel alipata nishani ya fedha. Mshindi wa kwanza, Henri Saint Cyr wa Sweden, alimsaidia kupanda jukwaani, na wale waliokuwa hawajaelewa hali ya mwanamke yule walielewa hapo. Mwaka 1956 alipata nishani ya fedha tena. Katika miaka iliyofuata, vituo vya kuwapandisha walemavu vilianza kuenea Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1996 dresaji iliingizwa katika michezo ya Olimpiki ya walemavu, na Mwingereza Lee Pearson amejipatia humo nishani 14 za dhahabu.

Ni vyema kuzitaja nishani, lakini si nishani zinazowapeleka wazazi zizini. Walio wengi kati ya wapandaji hawatashindana na mtu yeyote. Hupanda nusu saa kwa juma, hushuka, humpapasa farasi shingoni, kisha hurudi nyumbani.

WATU WANNE NA FARASI MMOJA

Nusu saa hiyo ina gharama ambazo mpita njia hazioni. Mpandaji mmoja asiyeweza kujitegemea anahitaji mtu wa kumwongoza farasi kwa kamba, na watu wawili wa kutembea ubavuni, mmoja kila upande, wakimshika paja au mkanda. Ongeza mwalimu, na watu wanakuwa wanne kwa mtoto mmoja. Wengi wao ni watu waliostaafu, wanafunzi na akina mama wa jirani, na hawalipwi kitu. Lazima pia pawe na jukwaa lenye mteremko, ili kiti cha magurudumu kifikishwe kwenye kimo cha tandiko, kwani kumwinua mtu mzima kutoka chini hadi juu ya farasi kunaweza kuwavunja migongo wasaidizi.

Farasi mwenyewe si wa aina yoyote tu. Anayefaa ni yule mtulivu, ambaye mara nyingi amekwisha kuwa na umri, asiyeshtuka mtoto akipiga kelele ghafla au mpira ukidunda, na anayesimama tuli mpandaji akipoteza usawa. Farasi wa namna hiyo hapatikani kwa kununuliwa tu. Hufundishwa kwa miezi mingi, na hata hivyo wengi hushindwa mtihani. Wakati wote huo anakula. Farasi wa kilo 500 huhitaji chakula kikavu kiasi cha kilo 10 kila siku. Fundi wa kwato hana budi kuitwa kila baada ya wiki sita au nane, na daktari wa mifugo huitwa kwa chanjo, kwa minyoo, kwa meno na kwa maumivu ya tumbo, ambayo humwua farasi upesi asipotibiwa.

Hapo ndipo korona ilipoleta balaa. Duka likifungwa, bidhaa zake hukaa rafuni bila kudai kitu. Zizi likifungwa, farasi wanaendelea kula. Katika mwaka 2020 vituo vingi vya Uingereza vilikosa ada za masomo na fedha za sherehe za kuchangisha, huku hesabu ya majani makavu ikibaki ileile.

Watu wa Park Lane hawakukaa wakingoja amri iondolewe. Kwa kuwa wapandaji hawakuweza kufika zizini, waliwapeleka wanyama kwa watu. Farasi mdogo, wa kimo cha chini kuliko meza ya chakula, alitembezwa hadi kwenye madirisha ya nyumba za wazee na ya watu waliojifungia kwa hofu ya kuambukizwa, akawachungulia kupitia kioo. Huenda wengine wakaliona jambo hili kuwa mzaha. Lakini mzee aliyekuwa hajaonana na mwanawe kwa miezi kadhaa, naye anatazamwa dirishani na farasi mwenye nywele zilizoziba macho, hakuliona hivyo, na wala watu wa mtaa hawakulisahau notisi ilipokuja.

MCHANGO

Wito wa kuchanga ulitolewa mwezi wa Januari 2021, na kwa sababu watu hawakuweza kukusanyika, ulifanyika kwa njia ya mtandao. Hapakuwa na dansi wala chakula cha jioni. Hapakuwa hata na mtu wa kuzunguka na kopo barabarani. Siku za mwanzo, pauni milioni 1 ilionekana kama ndoto kwa kituo kilichozoea kuhesabu fedha ya majani. Hata hivyo magazeti na televisheni yalikwisha kumjua yule farasi wa dirishani, na habari ikaenda mbali. Maelfu ya watu walitoa, wengi wao kidogo kidogo, na kabla ya mwisho wa Februari kiasi kilichotakiwa kilivukwa.

Inafaa kutafakari ni nini hasa watu wale walikichangia. Pauni milioni 1 ingeweza kununua farasi wengi na matandiko mengi. Lakini fedha hizo hazikutakiwa kwa ajili ya farasi hata mmoja. Zilitakiwa kwa ajili ya matofali na ardhi, katika kitongoji cha London ambamo nyumba moja ya kawaida ya familia huuzwa kwa bei ya kutisha. Mwenye jengo hakutenda kosa; mali ni yake, na kuuza ni haki yake. Tatizo ni kwamba kazi ya kuwasaidia watu wasio na fedha ilikuwa imeota mizizi juu ya ardhi ambayo thamani yake ilipanda mwaka hadi mwaka bila kuwauliza waliokuwa juu yake.

Jambo hili halikuipata Teddington peke yake. Mjini New York, zizi la Claremont lilikuwa jengo la ghorofa lililojengwa mwaka 1892, na farasi wake walishuka na kupanda ndani ya nyumba kabla ya kwenda Central Park. Lilifungwa Aprili 2007. Singapore ilifanya mbio zake za mwisho za farasi Oktoba 5, 2024, baada ya zaidi ya miaka 180, kwa kuwa serikali iliihitaji ardhi ya Kranji kwa makazi ya watu. Mji unapokua, farasi ndiye wa kwanza kuambiwa asogee, kwa maana anakula nafasi kubwa na halipi kodi kubwa. Tofauti ni kwamba mpenda mbio anaweza kutafuta burudani nyingine.

SHERIA NA FEDHA

Sheria za huko hazikumwacha mpangaji bila kinga yoyote, ila kinga yenyewe ina matundu. Sheria ya mwaka 1954 ilimpa mpangaji wa mahali pa shughuli haki ya kuomba mkataba mpya ule wa awali unapokwisha, lakini pande mbili zinaruhusiwa kukubaliana tangu mwanzo kwamba haki hiyo haitatumika, na mwenye shida ya nafasi hutia sahihi bila kusoma sana. Sheria nyingine, iliyopitishwa mwaka 2011 kwa ajili ya England, iliviruhusu vikundi vya wananchi kuiomba halmashauri iandikishe jengo au kiwanja kuwa mali yenye manufaa kwa jamii. Mahali palipoandikishwa pakitaka kuuzwa, mwenye mali alilazimika kuiarifu halmashauri. Kikundi kilikuwa na wiki sita za kusema kwamba kinataka kununua, na kikisema hivyo, kilipewa jumla ya miezi sita ya kutafuta fedha.

Miezi sita ni neema kwa watu wenye kuchangisha. Lakini sheria hiyo haikumlazimisha mwenye mali awauzie wao, wala haikumwekea bei. Muda ukiisha, aliweza kumwuzia yeyote amtakaye. Isitoshe, kuandikisha kunafaa kufanywa kabla ya notisi, wakati kila mtu yu radhi na mwenye nyumba anakaribishwa chai. Vikundi vingi huifikiria karatasi hiyo siku ambayo karatasi nyingine imekwisha kubandikwa mlangoni.

Kuna na jambo la fedha zenyewe. Mchango ulioombwa kwa kusudi la kununua jengo fulani si fedha ya wadhamini ya kutumia wapendavyo. Imefungwa kwenye kusudi lile. Ununuzi ukishindikana, sheria inawataka wafuate utaratibu maalum, ama wa kuwarudishia waliotoa, ama wa kuidhinishiwa matumizi mengine yanayokaribiana na yale ya kwanza. Kwa ajili hiyo wito ulioandikwa kwa uangalifu husema mapema: tukishindwa kununua hapa, fedha zitatafuta mahali pengine kwa ajili ya wapandaji walewale. Sentensi moja ya namna hiyo imewaepusha wadhamini wengi na barua nyingi za wanasheria.

ZIZI HALIHAMI KAMA KABATI

Wako wanaouliza, na swali lao si baya, kwa nini kituo cha namna hii kisihamie shambani, ambako ardhi ni rahisi na majani yako mlangoni. Farasi angefurahi. Jibu liko kwa wale watu wanne. Msaidizi wa miaka 70 anayekuja kwa miguu kila Jumanne hataendesha gari kilomita 40 kila Jumanne. Shule ya watoto walemavu inayoleta wanafunzi wake kwa basi kati ya vipindi viwili haitapata basi la kutwa nzima. Mama asiye na gari, ambaye amekwisha kupanda mabasi mawili na kiti cha magurudumu, hatapanda la tatu. Zizi likihama mbali, farasi hufika wote, lakini wapandaji hupungua na wasaidizi hupungua zaidi yao, na somo la mtu mmoja haliwezi kufanyika kwa watu wawili.

Farasi naye huchukua muda. Akiletwa mahali pageni hushtushwa na lango lisilojulikana, na sauti ya trekta, na kivuli cha paa jipya. Kabla ya kumpandisha mtoto juu yake, walimu humtembeza kwa siku nyingi, kwanza bila mtu, kisha akiwa na mpandaji mzima. Kwa mtoto mwenye usonji, ambaye hutulia kwa sababu kila juma hupita njia ileile na kukuta ndoo ileile mahali palepale, kuzoea kupya kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kwa farasi.

Kwa hiyo wadhamini wanapolazimika kutafuta mahali pengine huanza na kituo cha basi. Hupima hatua kutoka hapo hadi langoni, hutazama kama lango linapitisha kiti cha magurudumu na kama mvua inaituamisha njia, huuliza habari za bomba la maji na mahali pa kurundika samadi bila kuwaudhi majirani, ndipo wanapoanza kuuliza habari za nyasi.